Asubuhi Kompyuta Zilipoamka na Kiswahili

Vijana wa karakana waliponiaga walinipa kompyuta ya mkononi na ombi. Ombi lilitoka kwa Shamim, aliyerithi kiti changu, kile chenye gurudumu moja lisilozunguka: niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nilimwambia nimeandika kurasa za msaada maisha yangu yote na sijawahi kukutana na mtu aliyezisoma. Akasema hizi watazisoma, kwa sababu safari hii hakuna cha kubofya.

Basi, Shamim, naandika. Habari za vyeo naziacha. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na kazi ileile. Za mishahara mnazijua wenyewe. Nina jambo moja hasa la kueleza. Mara nyingi mmeniuliza, wengine huku mnacheka, kwa nini hapa kwetu kompyuta haitoki mlangoni mpaka iachwe kwenye ile skrini ya mwisho inayouliza lugha, bila kujibiwa. Nilikuwa nawajibu, "Ndivyo tunavyofanya," jibu ambalo mimi mwenyewe nililichukia nilipokuwa na umri wenu. Jibu lenyewe ni refu na linaanzia mbali kidogo.

Nilikuja Kisenyi, hapa Kampala, nikiwa na shahada ya lugha. Tangazo lilisema wanatafuta fundi. Nilikwenda kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, na nadhani niliajiriwa kwa sababu wenzangu kwenye usaili walikuja wamevaa tai. Karakana ilikuwa palepale ilipo leo, juu ya duka la vipuri vya malori, na ngazi zilikuwa na mafuta yaleyale. Kazi ilikuwa kupokea kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za ng'ambo, kuzifufua na kuzitia programu huria, yaani zile zinazoandikwa na watu waliotawanyika duniani kote, ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia na kuzibadilisha. Kisha tuliziuza kwa shule, zahanati, na akina mama wenye vibanda vya kuchapa barua. Siku ya kwanza nilikabidhiwa brashi ya rangi. Nilifikiri tunapaka ukuta.

Aliyenipa brashi ni Afande Odur. Alikuwa amestaafu polisi, kitengo cha redio, na sisi tuliendelea kumwita Afande hadi tulipomzika. Kwake yeye kila ugonjwa wa kompyuta ulikuwa vumbi. Mteja hajamaliza sentensi, Afande keshasema "vumbi" na brashi imo mkononi. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu, kwa sababu siku ambayo haikuwa vumbi tulipoteza asubuhi nzima tukipangusa mashine safi. Lakini ni yeye aliyenionyesha kusugua meno ya chipu za kumbukumbu kwa kifutio cha penseli, na kupanga skurubu kwenye kifuniko cha kopo la maziwa kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Na ni yeye aliyenivuta shati nilipokuwa nimesimama nyuma ya mteja wangu wa kwanza nikimwelekeza kwa kidole.

"Wewe, toka nyuma ya mutu," akaniambia. "Ukisimama hapo unaona kichwa yake tu. Kaa kwa kiti yake, uone kitu yeye anaona."

Mimi na Afande tuliongea Kiswahili tangu siku hiyo. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, Mkristo; mama alikuwa Mnubi, Mwislamu; sisi watoto tulishika dini zote mbili siku za sikukuu na hakuna hata moja siku za kufunga. Kambini kila mlango ulikuwa na lugha yake, na bila Kiswahili usingeweza hata kuazima chumvi. Nilikua nikidhani ndiyo lugha ya Kampala. Nilipofika sekondari ndipo nikagundua kwamba nje ya uzio wa kambi watu walikuwa wakiisikia na kunyamaza.

Elimu yangu ya chuo kikuu ilipata kazi baada ya miaka kadhaa. Zile programu tulizokuwa tukiziweka zilikuwa zinatafsiriwa na watu wa kujitolea, na Kiswahili kilikuwa kimekwama katikati. Nikajiunga. Tulikuwa kikundi kidogo kilichokutana kwa barua pepe tu: mmoja Dar es Salaam, wawili Nairobi, mmoja Goma, na mimi. Tuligombana vizuri sana. Wa Dar alitaka "kabrasha", wa Nairobi walitaka "folda", wa Goma aliuliza kama kuna mtu yeyote hapa aliyewahi kukutana na binadamu. Nilipenda maneno mafupi, kwa sababu vitufe ni vidogo. "Fungua." "Futa." "Toka." Hayo matatu ni yangu, na niliyaonea fahari. Tafsiri ikakamilika, ikatiwa kwenye programu, ikakaa humo ndani kama sahani za wageni. Ilikuwapo kwa yeyote atakayeitaka, mradi ajue kwamba ipo na ajue pa kuitafuta. Hakuna aliyejua.

Hapo ndipo nilipojifunza maana ya mpangilio wa awali, kile ambacho mafundi huita difoti: lile ambalo limekwisha kuchaguliwa kabla mtu hajagusa chochote. Watu wanaamini kwamba kompyuta yao wanaitawala wao. Ukweli ni kwamba karibu wote huishi miaka na miaka ndani ya uamuzi wa mtu wasiyemfahamu. Na uamuzi huo hawauoni mpaka ubadilishwe. Mnakumbuka hadithi ya kitufe cha kufunga dirisha? Wakubwa wa programu walikihamisha kutoka kulia kwenda kushoto, na simu ya karakana haikupumzika. Mwenye duka la jumla la viatu kule Nakivubo alinishtaki kwamba nimemgeuzia mkono wake wa kuume. Nilimwomba avumilie. Akavumilia akinitukana, na baada ya muda kitufe kiliporudishwa kulia, alinipigia tena kunishtaki kwa kukirudisha. Kutokana na mkasa huo niliamini nimeelewa jinsi watu wanavyokasirika: wanapiga kelele, wanazoea, wanasahau.

Wa kwanza kuitaka ile tafsiri alikuwa Mama Neema. Wengi wenu mnamjua kwa sura: Mkongo, ana kibanda chake cha kuchapa na kurudufu hapo chini, karibu na gereji. Alifika kutoka Bukavu akiwa anajua kuchapa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Wateja wake wengi ni wa kwao. Huja kumweleza kwa mdomo yaliyowatoa makwao, naye huyachapa, wapeleke kwenye ofisi za wakimbizi. Aliandika Kiswahili bila shida, cha kanisani na cha nyumbani. Kifaransa alikiacha shule ya msingi, na Kiingereza hakikuwahi kumfikia. Kwa hiyo ilipokuja kuhifadhi, kutafuta faili ya jana, au kujibu printa inapolalamika, ilimbidi amwite karani wake, bwana mmoja mzima, mpole, aliyejua Kiingereza. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na masikio tu, na jioni alikuwa na marafiki.

Niliketi kwenye kiti cha Mama Neema, nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha lugha, nikawasha upya. Alisoma skrini yote kwa sauti, kuanzia juu kushoto, kama anayeita majina darasani. Mwisho wa mwezi karani akapata kazi kwingine. Mama Neema akabaki yeye, mashine yake, na anayemweleza.

Sasa Henrik anaingia. Henrik alikuwa mmoja wa wakubwa wa programu yetu, mtu mpole aliyetunza jedwali la nchi na lugha zake akiwa katika mji ambao, alituambia, majira ya baridi jua huzama alasiri. Alisoma mahali fulani kwamba serikali yetu imekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Akaandika kwenye orodha ya barua pepe, kwa adabu, kwamba Uganda basi iwekwe Kiswahili kama ilivyo kwa majirani, na kwamba wanaotaka Kiingereza wanaweza kukichagua. Wa Dar alishangilia. Wa Nairobi walishangilia. Mimi niliandika kwamba nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi kwelikweli. Kazi ya miaka ilikuwa inatoka kabatini. Sahani za wageni, hatimaye, zinapakuliwa.

Mabadiliko yalikusudiwa kwa mashine mpya tu. Kwa jinsi yalivyoandikwa, mashine za zamani ambazo hazijawahi kuchaguliwa lugha nazo zikafuata jedwali jipya. Na ni nani Kampala aliyewahi kuchagua lugha? Sasisho lilishuka mwisho wa juma. Jumatatu asubuhi watu wakawasha kompyuta zao, na kompyuta zikaamka na Kiswahili.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mhasibu wa shule, aliyesema mashine yake imetekwa na Wakenya. Wa pili alikuwa mchungaji, aliyekuwa ameiombea kabla ya kunipigia, na alitaka kujua kama aendelee. Yule wa viatu Nakivubo alichomoa waya ukutani. Nilizungukia wateja mchana kutwa nikibadilisha lugha, na kila nilipobadilisha nilieleza kwa furaha kwamba hiki pia ni chetu, kimeshapitishwa, kina faida kibiashara. Walinitazama kama mtu anayeuza dawa ya meno kwenye matanga. Kwenye orodha ya barua pepe mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu ambao hatukuwahi kuwasikia waliandika kwa hasira. Mmoja aliandika sentensi moja tu: yeye si mwanajeshi hata aandikiwe Kiswahili.

Henrik alijibu kwa utulivu. Alisema watumiaji daima hulalamikia mabadiliko, na baada ya majuma machache huzoea. Akakumbusha habari ya kitufe. Nilisoma nikakubali kwa kichwa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiria kitufe.

Kisha alinipigia mwenye zahanati moja ya binafsi, upande wa Mulago. Tulikuwa tumemuuzia mashine za mapokezi, maabara na kumbukumbu za wagonjwa. Alisema zote tuje tuzichukue. Si kwamba alikuwa na ugomvi na lugha yoyote. Ni kwamba Sista Nalwoga, anayetunza kumbukumbu, amefunika skrini kwa kitambaa cha meza na amerudi kwenye makaratasi. Bila Sista zahanati haiendi, na bila kompyuta inaweza kwenda.

Nilimkuta. Mama wa makamo, umri umenipita kidogo, sare imepigwa pasi, miwani imening'inia kifuani. Tuliongea kwa Kiganda changu kibovu na Kiingereza chake kizuri. Nilianza maelezo yangu ya kupitishwa na faida kibiashara. Akayaacha yaishe.

"Kaa, ssebo," akasema, yaani bwana, akanyanyuka, akanipisha kwenye kiti chake. Akaondoa kitambaa.

Nikaketi. Kutoka pale niliuona msururu wa wagonjwa mlangoni, na mbele yangu vitufe vyangu. Fungua. Futa. Toka.

Alinieleza akiwa amesimama. Alikuwa msichana, yumo kwenye gari la baba yake pamoja na wadogo zake, miaka ile ya vizuizi vya barabarani. Askari walimwambia baba kwa Kiswahili afungue, atoke. Aliposhuka alikaa nje muda ambao yeye Sista hajawahi kujua ni mrefu kiasi gani.

"Alirudi kwenye gari hana viatu," akasema. "Akaendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani. Alituambia pedali unaisikia vizuri zaidi kwa nyayo. Tukacheka. Tulikuwa watoto." Akaonyesha skrini kwa kidevu. "Kiswahili chote ninachokijua nilikisikia siku ile. Na chote mmekiandika hapo."

Kambini kwetu "fungua" lilikuwa neno la jioni: fungua mlango, baba amerudi. Sikuwahi kujiuliza baba amerudi kutoka wapi.

Akaniuliza Kiswahili mimi nilikipata wapi. Nikamwambia baba yangu alikuwa polisi.

"Alisimama barabarani?"

"Nadhani. Hakuwahi kusimulia."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea jibu la maabara alilokuwa akilitegemea. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. "Si lugha peke yake, Bwana Opio. Lugha nawasikia wagonjwa wanaiongea hapa kila siku, na nawahudumia. Lakini yule askari, pamoja na yote, alimuuliza baba jina lake kwanza. Ninyi hamkuuliza kitu."

Nikamrudishia Kiingereza. Akaagiza chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, kama ya mama yangu kambini, lakini hilo sikumwambia.

Niliporudi karakanani nikakuta Henrik amebadili mawazo, na sasa alikuwa ameyabadili kupita kiasi, kama watu wapole wanavyofanya wakiogopa. Alipendekeza Uganda irudishwe Kiingereza na Kiswahili kiondolewe kabisa kwenye diski ya Uganda, kwa kuwa kinachukua nafasi na kinaleta ugomvi. Anayekitaka atakipakua mtandaoni. Kura ingepigwa juma lile.

Nilishuka ngazi kwenda kwa Mama Neema. Kibanda chake hakikuwa na mtandao. Masasisho nilimpelekea mimi kwa flashi. Nilimweleza kwamba sasisho linalofuata huenda likakiondoa Kiswahili na kumrudisha kwenye Kiingereza, na kwamba nitajaribu kumwekea Kiswahili tena kila mara itakapotokea. Alikuwa anakata picha za pasipoti. Aliendelea kukata.

"Papa Opio," akasema, "siku utagonjwa je?"

Nikasema sijafikiria kuugua.

"Mimi ile mbele nilikuwa na mashini, lakini haikukuwa yangu. Ilikuwa ya ule karani. Mutu anakuja kukaa hapa, anataka kusema vile walimuuwa ndugu yake. Anataka sikio moja. Mukirudisha Kingereza, mimi ni lazima niite sikio ya pili." Akaweka mkasi chini. "Na ile ya pili ikikuja, mutu hasemi tena. Anasema tu mambo ya njia na mvua."

Nikapanda juu nikaandika barua yangu ndefu kuliko zote kwa ile orodha. Sikutaja kupitishwa wala biashara. Niliwaeleza habari za wanawake wawili, bila majina, ambao kati yao ni mwendo mfupi wa bodaboda. Kila uamuzi ambao ungempumzisha mmoja ungemuumiza mwenzake, na hakuna jedwali la nchi linaloweza kujua nani ameketi kwenye kiti. Nikapendekeza kompyuta iulize. Mara ya kwanza inapowashwa na mwenyewe, itoe skrini moja: Kiingereza, Kiganda, Kiswahili, na nyinginezo tulizo nazo, kila lugha imejiandika kwa maneno yake, na hakuna iliyotiwa alama tayari. Na Kiswahili kibaki kwenye diski.

Henrik hakupenda. Kwake yeye programu nzuri haiulizi, inaamua. Swali ni ushahidi kwamba mtengenezaji hakujua kazi yake. Tuliandikiana sana, kwa heshima iliyozidi kuwa nyembamba. Wa Goma, aliyekuwa kimya muda wote, aliandika kwamba huko kwao kuulizwa ni kitu adimu na angependa kukionja. Pendekezo likapita kwa tofauti ndogo. Henrik alitekeleza kazi hiyo mwenyewe, vizuri, na chini ya ripoti akaongeza kwamba malalamiko yote yatakayotokana na swali nitayajibu mimi. Nilijiona mshindi. Nilinunua sambusa za karakana nzima.

Hapa, Shamim, ndipo pale ambapo kurasa za msaada huwa zinaishia, na ndipo penye kazi.

Mashine ya Mama Neema iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Tukamwandalia nyingine. Nilimpelekea mwenyewe, nikaiweka mezani, nikachomeka waya. Kwenye benchi alikuwapo mteja, mwanamume aliyeshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaanza kumweleza kabla sijafika, na Mama Neema alitaka ayachape kabla hayajamkimbia. Nikawasha, nikasogea pembeni nisubiri lile swali langu.

Halikuja. Mashine ilifunguka moja kwa moja, kwa Kiingereza. Swali lilikuwa limeulizwa, bila shaka, juu kule karakanani. Na fundi wetu alikuwa amelijibu kama anavyojibu kila kitu: endelea, endelea, kubali, maliza. Ndivyo wote tunavyofanya. Huko kwa Henrik mtu hununua kompyuta na kuisakinisha mwenyewe, kwa hiyo anayeulizwa na anayeketi ni mtu mmoja. Kampala kompyuta inauzwa imeshaiva, na mwenye kuulizwa ni fundi. Nilikuwa nimebishana na dunia nzima ili fundi wangu aulizwe lugha anayoipenda.

Kuingia kwenye mipangilio na kubadilisha kulitaka nenosiri alilokuwa ameliweka fundi, naye alikuwa ametoka. Nikampigia, simu haikupatikana. Mteja alikuwa na miadi ya ofisini mchana ule. Mama Neema alinitazama, kisha akatuma mtu amwite yule karani wa zamani, aliyekuwa sasa akifanya kazi duka la tatu. Alikuja upesi, kwa hisani, akaketi pembeni yake tayari kusaidia. Mama Neema akamgeukia yule bwana kwenye benchi na kumwambia aendelee.

Bwana aliizungusha kofia. Akasema walitembea sana. Akasema kulikuwa na mvua.

Mama Neema akayachapa hayo. Hakunitazama tena, na ningependa angalau angenitukana, kama wa viatu.

Kuanzia juma lile ndiyo ikawa desturi yetu. Fundi anasakinisha, anajaribu kila kitu, kisha anairudisha mashine mpaka kwenye ile skrini na kuizima hapo. Anayepeleka kwa mteja anachomeka waya, anamketisha mwenyewe kwenye kiti, na anatazama dirishani. Asikohoe, asielekeze kwa kidole, na asiseme "wengi huchagua hiki". Mteja akiuliza "nichague gani?" anajibiwa kwamba hatujui. Ni vigumu kuliko kusugua chipu. Fundi anayejua jibu anateseka kimwili akimwona mtu anafikiri.

Mashine ya Mama Neema nayo niliirudisha mpaka kwenye swali, nikamsubiri hivyohivyo, na nenosiri akaliandika yeye. Alichagua upesi. Yule bwana wa kofia sijui kama alirudi. Hilo lilikuwa lake na Mama Neema, na sikuuliza. Zahanati ilipomnunulia Sista Nalwoga mashine mpya, nilitazama dirishani muda mrefu mpaka nikahesabu mabati ya jirani. Alichagua Kiganda, ambacho tafsiri yake ilikuwa nusu, ikamjia yenye mashimo ya Kiingereza kila mahali. Akanipigia kesho yake kusema neno tulilolitumia kwa printa lingemwaibisha bibi yake. Nikamwomba lililo sahihi. Analo, na mengine mengi, na hadi leo anayatuma.

Henrik, kwa haki yake, alikuwa ameona sawa kuhusu malalamiko. Yapo. Shamim mwenyewe, mwezi wake wa kwanza, alinisimamia mlangoni na kuniambia, "Mzee, mteja analipa ili asiulizwe." Ni hoja nzuri, na sijapata jibu lake zuri. Nilimwambia tuwaamulie mengine yote, kwa maelfu, na hili moja tuwaachie. Akasema sawa, kwa sauti ile mnayoijua.

Sasa nirudi kwenye zawadi. Nimesema mlinipa kompyuta ya mkononi. Niliifungua nyumbani, juu ya meza ya chakula, mke wangu akiwa ameketi kando akisahihisha mitihani. Ilikuwa imesafishwa vizuri, Afande angeridhika. Nikaiwasha. Ilifunguka moja kwa moja, kila kitu tayari, jina langu juu, picha yangu ya zamani yenye nywele, na kila kitufe kwa Kiswahili. Fungua. Futa. Toka. Nilijua ni nani aliyechagua, na nilijua alichagua kwa upendo. Wala hakukosea.

Nikatafuta flashi kwenye droo, nikaifuta mashine yote, nikaanza kuisakinisha upya. Mke wangu aliuliza kama wameniharibia. Nikasema hapana, iko sawa kabisa. Akanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye mitihani yake. Ilichukua muda, kama kawaida. Nikabofya endelea, endelea, kubali. Kisha skrini ikatulia, lugha zikajipanga, hakuna iliyotiwa alama, na kompyuta ikaniuliza.

Nikachagua Kiswahili.